Wenye moshi hawako ofisini kwako

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwezi wa pili tangu nikabidhiwe mpango wa ubora wa hewa katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Kabla ya hapa nilikuwa afisa wa afya. Nina watu wanne, gari moja tunalogawana na idara nyingine, na bajeti ya mwaka mmoja. Waziri wangu wa kaunti anataka vipima hewa 40 vifungwe kabla ya Desemba, na skrini kubwa ya takwimu mbele ya ofisi ya gavana. Lakini kila nikipita jaa la taka usiku na kuona ule moto, moyo unaniambia kazi ni nyingine. Nianzie wapi? Na mwisho wa mwaka nitajuaje kama nimefanya kitu?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara jicho linarudi kwenye lile jaa. Umeuona moshi kwa macho yako, bila kipimo chochote, na umeufikiria hadi ukaandika. Anzia hapo. Vipima 40 havitakuambia jambo la maana mwaka huu ambalo vipima sita havingekuambia, na havitauzima moto hata mmoja.

Kazi uliyopewa inaitwa ubora wa hewa, ila juu ya hewa yenyewe huna uwezo. Unachoweza kugusa ni vitu vinavyotoa moshi na vumbi, na karibu vyote viko mikononi mwa wengine. Taka ziko kwa idara ya usafi. Barabara ya vumbi iendayo machimboni iko kwa idara ya barabara. Malori ya bandarini yanatawaliwa na sheria za serikali kuu. Mkaa uko jikoni kwa mama wa watu, na bei ya kile ambacho angetumia badala ya mkaa inapangwa Nairobi: gesi ya kupikia iliondolewa kodi ya VAT mwaka 2016, ikarudishiwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguziwa hadi 8 mwaka 2022, na 2023 kodi ikaondolewa tena. Kaunti haina kura katika hilo, lakini kila bei inapotikisika, jikoni za kaunti yako ndizo zinazochagua kati ya mtungi na gunia.

Hata mafanikio makubwa zaidi ya hewa ya barabarani katika eneo letu hayakupatikana kwenye ofisi ya mji wowote. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Lilikuwa ni suala la viwango, waagizaji wa mafuta na mawaziri wa nishati mezani. Ndiyo maana nakuambia kwamba kuongoza mpango huu ni kazi ya miguu na ya mdomo kabla ya kuwa kazi ya mashine. Utakwenda kwenye ofisi za watu ambao hawawajibiki kwako, uwaombe wafanye jambo ambalo halimo katika mipango yao, na uwe na sababu nzuri kuliko "hewa ni uhai". Sababu hiyo ndiyo utakayoipata kwenye vipimo. Vipimo vina kazi hiyo, na ni kazi kubwa, mradi ujue unampimia nani.

Acha nikupe kisa changu, maana kilinifunza zaidi ya kozi yoyote niliyosoma. Nikiwa bado mgeni kazini tulifunga kipima kwenye ukuta wa duka, mtaa ambao upande wa juu una kiwanda. Wiki mbili mfululizo, ikifika saa kumi na mbili jioni mstari unapanda kama mnazi, saa tatu usiku unashuka. Tukaamini kiwanda kinawasha tanuri giza likiingia ili watu wasione. Barua ikaandikwa, ikatiwa saini, ikapelekwa. Meneja akatuita twende tukajionee: tanuri lilikuwa limezimwa kwa matengenezo tangu mwanzo wa mwezi. Jioni ile ile nikaenda nikasimama chini ya kipima chetu. Saa kumi na mbili kasorobo akaja mama mmoja na meza yake, jiko la mkaa, karai jeusi, na ndoo ya viazi vilivyokwisha kupakwa unga wa njano. Akatandaza vitu vyake hatua mbili kutoka ukutani, chini ya kibaraza. Mkaa ulipokuwa bado unashika, moshi ulipanda ukutani moja kwa moja hadi kwenye tundu la mashine. Wateja wa viazi karai walikuwa wengi, na waliisha saa tatu. Barua ile ilituumiza kwa muda mrefu, kwa sababu kiwanda kile kilikuwa na makosa yake ya kweli, na tulipokirudia miaka miwili baadaye hakuna aliyetaka kutusikiliza.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1943 mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu wa kuchoma macho, na watu wakakinyooshea kidole kiwanda kimoja cha kemikali za mpira katikati ya mji. Kiwanda kikasimamishwa kwa muda, ukungu ukabaki pale pale. Ilipita karibu miaka kumi kabla ya mwanakemia Arie Haagen-Smit kuonyesha kwamba moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta ndio uliokuwa ukipikwa na jua na kuwa sumu ile. Kipima hakijui moshi ni wa nani. Ukikiuliza swali hilo kitanyamaza, na kwenye ukimya huo ndipo sisi watu huweka dhana zetu.

Kwa hiyo mwezi huu, kabla ya kuagiza chochote, tengeneza daftari la vyanzo. Wewe ni mtu wa afya, unajua kuhesabu visima na vyoo. Hesabu moshi kwa namna hiyo hiyo. Watu wako wanne, wiki mbili au tatu, wadi baada ya wadi. Majaa yote, rasmi na yasiyo rasmi. Matanuu ya chokaa: yako mangapi, yanawashwa siku gani, yanachomwa kwa magogo ya mnazi, mikoko au matairi? (Ukikuta matairi, andika kwa wino mwekundu.) Machimbo ya mawe na njia ya malori yake. Matanuri ya mikate yanayotumia kuni, maboma ya kukaushia samaki kwa moshi, jenereta za hoteli, vituo vya matatu ambako gari linasimama likinguruma nusu saa. Nyumba ngapi zinapikia mkaa, na zinanunua kwa gunia au kwa mkebe? Kisha unachukua kiasi cha kitu kinachochomwa, unazidisha kwa kiasi cha moshi kinachotolewa na kila kilo ya kitu hicho. Majedwali ya kimataifa ya namba hizo yapo, na yanapatikana bure. Jumla utakayopata itakuwa na makosa, mengine makubwa. Lakini itakuonyesha mpangilio: kipi ni cha kwanza, kipi ni cha tano. Mpangilio ndio unaohitaji.

Sasa mashine. Nikushauri kama mtu wa Pwani, maana vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wasiokaa karibu na bahari yetu. Vipima vidogo, vile vinavyouzwa kwa mamia ya dola, vinakisia uzito wa vumbi kwa mwanga: leza inamulika hewa inayopita, chembe zinatawanya mwanga, mashine inageuza mwanga huo kuwa mikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu. Chembe ya chumvi ya bahari, unyevu ukipita asilimia 75 hivi, hunywa maji na kuvimba. Mashine inaiona kubwa, inaihesabu kuwa nzito. Alfajiri ya masika kipima kilichofungwa karibu na ufuo kinaweza kukuonyesha hewa chafu ya kutisha mahali ambapo hakuna kitu ila umande wa chumvi. Dawa yake ni kuviweka vipima vyako vyote bega kwa bega na mtambo mkubwa wa kuaminika kwa wiki kadhaa, ukapata namba ya kusahihishia, kisha urudie zoezi hilo msimu ukibadilika. Mtambo wa namna hiyo ni makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo usiununue mwaka huu. Tafuta chuo kikuu au taasisi yenye nao, ingia nao makubaliano ya maandishi. Makerere, kule Kampala, mradi wa AirQo ulioanza 2015 umeonyesha kwamba vipima vya bei nafuu vilivyotengenezwa hapa hapa Afrika, kwa vumbi letu na umeme wetu wa kukatika, vinaweza kufanya kazi ya mji mzima vikisimamiwa vizuri. Wanachuo wale si wa kuwaonea haya. Waandikie.

Pamoja na vipima, nakuomba utenge fedha kidogo kwa ajili ya karatasi za chujio. Hewa inavutwa kupitia kijikaratasi cheupe kwa saa 24, kinapimwa uzito kabla na baada, kisha maabara inatazama kilichonaswa. Nitakuambia kitu ambacho hakimo katika miongozo: kitazame kwa macho yako kwanza. Kilichonaswa barabara ya malori kinatoka cheusi kama masizi ya sufuria. Cha karibu na taka zinazochomwa kinaelekea hudhurungi. Cha njia ya machimbo kinakuwa kijivu cha unga. Maabara ndiyo yenye neno la mwisho, lakini nimewahi kuweka vijikaratasi vitatu namna hiyo mbele ya kamati ya bunge la kaunti, kila kimoja ndani ya kisahani chake cha plastiki, na chumba kikanyamaza kuliko kwa grafu yoyote. Mwakilishi mmoja wa wadi aliuliza kile cheusi kilivutwa kwa muda gani. Nikamwambia siku moja. Akakishika mkononi hadi kikao kikaisha.

Na upepo. Wewe unaujua kuliko washauri watakaokuja na ndege. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ni kavu na upepo unatoka kaskazini mashariki. Kusi inapoingia inageuka, inavuma kutoka kusini mashariki, na mvua za masika zinaosha vumbi. Ndani ya siku moja nayo kuna pumzi mbili: mchana upepo wa bahari unasukuma moshi bara, usiku hewa inatulia, inapoa chini, na moshi wa jaa unalala juu ya mapaa kama blanketi hadi jua litoke. Ukipima Februari kabla ya kuanza kazi na Julai baada ya kuanza, hewa itaonekana imekuwa safi, na utakuwa umepima kusi. Linganisha kaskazi na kaskazi, kusi na kusi. Miezi ya maleleji, upepo ukiwa haujaamua, usiitegemee kwa lolote. Na vipima vyako sita viweke kwa kufuata hilo: kimoja upande unakotoka upepo kabla ya jaa, viwili upande unakokwenda, kimoja barabara ya malori, kimoja katikati ya makazi yenye majiko mengi, na kimoja mbali na vyote ili kikuambie hewa inayoingia kwenye kaunti ikoje kabla hujaichafua.

Turudi jaani sasa, maana hapa ndipo mwaka wako utakapokaa.

Nenda usiku. Nenda na mtu anayefahamika na waokotaji, usiende na askari wa kaunti. Utagundua kwamba moto wa jaa si mmoja. Kuna unaowaka wenyewe chini kwa chini: taka za jikoni zikioza bila hewa hutoa gesi ya methani, na joto la ndani linaweza kuwasha. Huo hauzimwi kwa ndoo za maji. Unazimwa kwa kuchimba, kutenganisha na kufunika kwa udongo. Kuna wa vijana wanaochoma nyaya wapate shaba. Huo ndio mbaya kuliko wote kwa mapafu na damu, kwa sababu ya plastiki ya nyaya, na ni mdogo kwa ukubwa. Shaba wanauza kwa mnunuzi yule yule kila asubuhi. Mnunuzi akikubali kulipia waya uliochunwa kwa kisu bei ya juu kidogo kuliko uliochomwa, na kaunti ikampa leseni ya biashara kwa sharti hilo, umeufikia moto huo bila kumfukuza mtoto wa mtu. Na kuna moto unaowashwa na wafanyakazi wenyewe ili kupata nafasi, kwa sababu tingatinga limeharibika na lori la kesho halina pa kumwaga. Huo unauzimia ofisini, kwenye bajeti ya idara ya usafi: tingatinga moja linalotembea na malori ya udongo wa kufunikia kila wiki. Nimesema tingatinga. Ukimwambia waziri wako kwamba kifaa cha kwanza cha ubora wa hewa anachopaswa kununua ni tingatinga, atakushangaa, lakini namba za daftari lako zitamjibu.

Nje ya jaa kuna mioto midogo ya uani, jioni kwa jioni. Hapa wengi wetu tumekosea kwa kuanza na marufuku. Mtu anachoma taka kwa sababu hakuna anayekuja kuzichukua. Los Angeles niliyoitaja ilikuwa na matanuri ya kuchomea taka nyuma ya nyumba za watu. Ilikuja kuyapiga marufuku mwaka 1957, na ukusanyaji wa taka ulibidi uwepo ili marufuku ishike. Sheria ya Kenya ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 imeipa kaunti yako wajibu wa kupanga utenganishaji na vituo vya kuchambulia. Itumie kuomba fedha. Lete mkokoteni wa taka kwanza, miezi mitatu ije bila kukosa siku, ndipo utangaze katazo.

Mpangilio huu si adabu tu, unaokoa mpango wenyewe. Beijing ilishusha wastani wake wa mwaka wa vumbi laini (PM2.5, chembe ndogo mno zinazoingia ndani kabisa ya mapafu) kutoka mikrogramu 89.5 kwa kila mita ya ujazo mwaka 2013 hadi 58 mwaka 2017, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini majira ya baridi ya mwaka huo wa 2017, katika vijiji vya kaskazini mwa China, majiko ya makaa ya mawe yaliondolewa kabla ya gesi kufika. Kuna shule watoto walisomea nje juani kwa sababu darasani kulikuwa na baridi kuliko uwanjani. Desemba serikali ikabidi iruhusu makaa yarudi pale ambapo kazi haijakamilika. Mexico City nayo ilianza mwaka 1989 kuzuia kila gari siku moja ya wiki. Wenye uwezo wakanunua gari la pili, mara nyingi la zamani. Watu si maadui wa hewa safi. Wanapika, wanasafiri na kutupa taka kwa njia iliyopo. Ukiwaondolea njia kabla ya kuweka nyingine watazunguka, na imani ukiipoteza hairudi kwa tangazo la redio.

Kuhusu sheria, fungua Katiba ya 2010 kifungu cha 42, haki ya mazingira safi, kisha Jedwali la Nne, sehemu ya pili: udhibiti wa uchafuzi wa hewa ni kazi ya kaunti, imeandikwa waziwazi. Juu yake ipo sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni za ubora wa hewa zilizotoka mara ya kwanza 2014. Soma toleo linalotumika leo pamoja na mwanasheria wa kaunti, mkikaa chini siku nzima. Jifunze ni kipi chenu na kipi cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ili siku mwenye kiwanda akikwambia "wewe si NEMA" uwe na jibu mfukoni. Na ujue kwamba kipima kidogo kinatosha kukuonyesha pa kutazama, ila hakitoshi mahakamani. Ushahidi unataka mtambo uliothibitishwa, cheti chake, jina la aliyepima na saa aliyopima.

Kuna kesi moja ningependa kila kiongozi wa kazi hii aijue kwa moyo, na iko mlangoni kwenu. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi ya betri, na damu za watoto zikakutwa na madini hayo. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania hilo miaka mingi, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na sehemu ya mzigo huo ikawekwa juu ya taasisi za serikali zenyewe, kwa kutofanya kazi yao. Rufaa zikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirudisha ile fidia. Siku waziri wako akisema hewa si jambo la haraka, mweleze hilo kwa upole. Kaunti inaweza kushtakiwa kwa moshi ambao si wake, kama ilijua na ikakaa.

Bajeti. Kila shilingi unayotumia kununua kifaa, tenga nyingine ya kukitunza. Nimeingia ofisi moja ya umma, si hapa, nikaonyeshwa mtambo mzuri wa kupimia, zawadi ya wafadhili, umefunikwa turubai. Pampu iliharibika mwaka wa pili na hakuna fungu la vipuri. Ulikuwa umekaa hivyo miaka minne, na aliyefunzwa kuutumia alishahamishiwa idara ya mifugo. Usiegemee takwimu za wengine pia. Kwa miaka, balozi za Marekani zilikuwa zikipima hewa na kutangaza, na miji kama Kampala na Addis Ababa ilizitumia. Machi 2025 zikaacha kutangaza kwa sababu ya fedha. Kati ya watu wako wanne, mmoja awe fundi ambaye kazi yake ni kupanda ngazi, kufuta chumvi na buibui, na kuandika daftari la kila kipima. Mlipe vizuri. Mwingine awe mtu wa kuzungumza na mitaa. Hao wawili ndio mpango wako. Na ile Kamati ya Mazingira ya Kaunti, iliyomo katika sheria na ambayo kaunti nyingi huikumbuka siku ya kupanda miti, iitishe kila mwezi. Ndiyo njia yako halali ya kuwaketisha watu wa usafi, barabara, afya na biashara meza moja.

Skrini ya waziri usiipinge. Mtu anayetaka namba zionekane hadharani ni wa kushika mkono. Mwombe tu ianze na vipima sita vilivyosahihishwa, na kila siku ionyeshe namba ilivyo, nzuri au mbaya. Beijing ilianza kutangaza vumbi laini saa kwa saa mwaka 2012, baada ya watu kwa miaka kadhaa kusoma namba za ubalozi wa kigeni na kuziamini kuliko za mji wao. Ni afadhali ubaya wa hewa yenu usomwe kwenu.

Mwisho wa mwaka, basi. Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu 2021 linapendekeza wastani wa mwaka wa vumbi laini, PM2.5, usizidi mikrogramu 5, na limeweka ngazi za kupandia: 35, 25, 15, 10. Tano hutaifika, wala usiahidi. Chagua ngazi inayofuata kutoka pale mlipo, na uipe miaka. Usiahidi pia kupungua kwa vifo au pumu mwaka wa kwanza. Wewe wa afya unajua namba za hospitali zinavyoyumba kwa sababu kumi nyingine. Kipimo chako cha mwaka mmoja kiwe hiki: jaa liliwaka usiku ngapi kaskazi hii, na usiku ngapi kaskazi ijayo. Vipima viwili vya upande unakokwenda upepo vilizidi kile cha upande mwingine kwa kiasi gani, saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, misimu hiyo miwili. Nyumba ngapi zinafikiwa na mkokoteni. Tofauti kati ya upande mmoja wa jaa na mwingine haidanganywi kirahisi na mvua, kwa sababu pande zote mbili zinanyeshewa. Ikipungua, umefanya kitu, na utaweza kumwambia mtu yeyote ni kitu gani.

Kwa safari ya kwanza ya usiku vaa barakoa ya N95. Ya kitambaa haizuii vumbi hili. Chukua daftari, saa na tochi, na utepe mwembamba wa kitambaa ufunge kwenye fimbo ukuonyeshe upepo unakoelekea. Kila nusu saa andika mioto mingapi, ya rangi gani, moshi unakwenda juu ya mtaa upi. Ukifika alfajiri pita kwenye mtaa huo wanawake wakiwasha majiko, uwaulize kikohozi cha usiku kikoje na kimeanza lini. Kisha uniletee daftari hilo kabla ya kusaini agizo la vile vipima.